Kikapu cha Upande wa Jukwaa

Bi Machale hakuzaliwa na jina hilo. Alipewa na wenzake wa kufulia, kwa sababu kila siku ya Mungu, hata chai ya saa nne haijanywewa, lazima ungemsikia akisema machale yanamcheza. Yalimcheza shuka likirudi kutoka wodini limekunjwa ovyo, yalimcheza sabuni ya unga ikiisha mapema, yalimcheza hata msimamizi akiwaamkia kwa tabasamu. Na ubaya ni kwamba mara mojamoja alipatia. Mtu wa namna hiyo akipatia mara moja, basi tena, mmekwisha, maana hatakumbuka hata kidogo zile mara zote alizokosea.

Alikuwa mkuu wa meza za pasi katika kufulia kwa hospitali kubwa, mwanamke wa makamo mwenye mabega mapana na goti moja bovu. Pamoja naye walikuwepo wachambuaji, watu wa mashine na wakunjaji, na kati ya wakunjaji alikuwemo wifi yake, mke wa mdogo wake wa kiume. Kwa kuwa yeye alimwita Wifi, kufulia nzima ikamwita Wifi, hata waliomzidi umri.

Sasa huyo Wifi, kabla ya kuja kufulia, alikuwa jikoni, kule kunakopikwa chakula cha wagonjwa. Alimenya viazi kule mpaka moshi wa mafuta ukamtia kikohozi kisichoisha, akaomba kuhamishwa. Hiyo ndiyo sababu aliyoitoa, na daktari aliithibitisha. Lakini jamani, Bi Machale alijiuliza, nani mwenye akili timamu anaacha jikoni, mahali ambapo mtu hakosi cha kutia mdomoni, aje kuinamia mashuka yenye damu za watu? Kikohozi gani hicho? Na mbona hata leo akipita mlangoni mwa jikoni wanamwita kwa utani, naye anasimama, anacheka, anachelewa? Kikulacho ki nguoni mwako, alijiambia, na tangu hapo akawa anamtazama wifi yake kwa jicho la pembeni.

Mwaka huo uongozi wa hospitali ukaja na jambo jipya. Kila mwisho wa mwaka jikoni na kufulia waligombea likizo, kwa kuwa vibarua wa kushika nafasi walitosha idara moja tu. Miaka yote jikoni ndio walioondoka, kwa hoja zao wenyewe, na kufulia wakabaki wakikunja mashuka huku watu wengine wako kwao. Basi safari hii uongozi ukasema, mgogoro utaamuliwa kwa mpira wa kikapu. Wanawake wa jikoni na wanawake wa kufulia watacheza katika ukumbi wa chuo cha wauguzi, na atakayeshinda atachukua likizo. Watu walicheka sana. Kisha wakagundua kwamba uongozi hautanii, wakaacha kucheka.

Bi Machale ndiye aliyeacha wa kwanza. Mama yake alikuwa mbali, safari ya kulala njiani, na macho yalikuwa yanamwisha. Daktari wa kule hakuficha neno: giza lilikuwa linaingia kutoka pembeni, na mwaka mpya usingekwenda mbali kabla halijafika katikati. Kila wakizungumza kwenye simu bibi huyo alirudia maneno yaleyale bila kulia, kama anayemwagiza mtu chumvi dukani. Njoo nikuone ningali naona. Bi Machale alikuwa hajamtia mama yake machoni kwa miaka, kwa sababu ya jikoni na likizo zao. Kwa hiyo watu wasishangae kwamba alipochaguliwa nahodha hakukataa, pamoja na goti lake.

Aliyewafundisha ni mtaalamu wa viungo, yule anayewatembeza wagonjwa waliovunjika miguu, nao wakamwita Mwalimu. Baada ya kazi aliwakusanya nyuma ya chumba cha boila, ambako ukutani palikuwa na kikapu kimoja, pete yenye kutu bila wavu. Akaanza na mambo ya mwanzo kabisa. Mpira ukiwa mikononi huruhusiwi kutembea nao, unaudunda sakafuni. Ukishaudunda kisha ukaushika kwa mikono miwili, huanzi kuudunda tena, ama umpe mwenzako ama utupe kikapuni. Pale chini ya kikapu cha wapinzani, katika eneo lililopakwa rangi, usijikalishe zaidi ya sekunde tatu kana kwamba umepanga chumba. Kumsukuma mtu, kumpiga mkono, kumvuta jezi, yote ni faulo, na faulo zikifika tano unatoka na hurudi. Kikapu cha kawaida ni pointi mbili, cha kutoka nyuma ya ule mstari wa upinde ni tatu, na mtupo wa adhabu ni moja.

Bi Machale alizipenda sheria hizo, na mapenzi yake yalikuwa ya namna yake. Alisema kila sheria iliwekwa kwa sababu mahali fulani palikuwa na mwizi. Walikataza kutembea na mpira kwa kuwa kuna mtu aliukumbatia akaondoka nao. Sekunde tatu ziliwekwa kwa ajili ya mvizia. Mchana, mvuke ukipanda mezani, aliwasomesha wenzake huku akipiga pasi, na mtu akikosea alimrudisha mwanzo. Wifi alikuwa akishika haraka kuliko wote. Ana mikono miepesi na kifua kimeshapona, alirukaruka pale nyuma ya boila kama hajawahi kukohoa maishani, na hilo nalo Bi Machale aliliona.

Kulikuwa na jambo moja tu ambalo kikapu kimoja hakikuweza kuwaonyesha. Kwa kikapu kimoja, timu zote mbili hutupa palepale. Ukinyang'anya mpira unautoa kwanza nje ya mstari, halafu unageuka na kushambulia. Mambo ya uwanja mzima Mwalimu aliwaeleza kwa mdomo: kwamba vikapu ni viwili, kila timu ina cha kulinda na cha kushambulia, kwamba mpira uvushwe mstari wa katikati ndani ya sekunde nane, na ukishavuka haurudishwi nyuma. La kubadilishana pande aliligusa tu akasema wasijichoshe nalo, atawakumbusha siku yenyewe wakati wa mapumziko, wasije wakachanganyikiwa.

Siku ikafika. Ukumbi wa chuo ulikuwa na kikapu kimoja upande wa jukwaa na kingine upande wa mlango, na watu walijaa mpaka kwenye vizingiti vya madirisha. Wauguzi waliomaliza zamu walikuja na sare zao. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyekuwa mwamuzi, amevaa filimbi shingoni na uso wa mtu asiyemjua yeyote. Jikoni waliongozwa na mwanamke mmoja mkata nyama, mrefu, wenyewe wakamwita Twiga, na kufulia waliongozwa na Bi Machale na goti lake lililofungwa kitambaa.

Kipindi cha kwanza kufulia walishambulia kikapu cha upande wa jukwaa. Nani angeamini? Walicheza. Wifi alitupa vikapu kadhaa pale jukwaani, mpira unagonga ubao na kutumbukia, na ukumbi ukawa unaimba jina la kufulia. Jikoni nao hawakulala. Mapumziko yalipopigwa timu hazikupishana kwa kitu cha kusemwa.

Sasa sikiliza. Katika kufulia palikuwa na mwanamke mmoja anayepokea mashuka machafu dirishani, na kwa kuwa anashinda pale akiona nani kapita na nani kasimama, jina lake ni Dirisha. Hakuwa mchezaji, alikuwa mbeba maji. Mapumziko yalipoanza tu, Dirisha akamwinamia Bi Machale sikioni. Akamwambia kwamba asubuhi kamwona Wifi na Twiga wa jikoni wamesimama pamoja njiani, wanaongea kwa sauti ya chini, na walipomwona wakanyamaza. Basi, hakusema zaidi ya hapo. Lisemwalo lipo, alimalizia, akaenda kugawa maji.

Roho ya Bi Machale ikafanya paa. Alikuwa na mpango wa kipindi cha pili, jinsi ya kumbana Twiga watu wawili asipate nafasi ya kuinua mikono yake, na mpango huo alitaka kuusema palepale. Wifi akiusikia, si utakuwa umeshafika jikoni kabla filimbi haijalia? Akamwita. Akamwambia goti limevimba, bendeji nzito iko kwenye kabati lake kule kufulia, akimbie akamletee. Wifi hakuuliza kwa nini Dirisha asiende. Aliitika abee, akaondoka mbio na jezi yake.

Alipotoka tu, Bi Machale akawakusanya wenzake vichwa pamoja na kuwapa mpango. Mwalimu naye akapita, kwa haki akawaambia timu zote mbili kile alichoahidi: sasa tunabadilishana pande. Kufulia, kikapu chenu cha kushambulia sasa ni cha upande wa mlango, na kile cha jukwaani mnakilinda. Mkitupa huko mnawapa wenzenu pointi. Kila mmoja akanyoosha kidole kuelekea mlangoni ili kuhakikisha ameelewa, wakacheka.

Wifi alirudi anahema. Mkono mmoja ana bendeji, mwingine ana mfuko wa nailoni wenye barafu. Alipofika wote wakanyamaza, kwa sababu nahodha aliwakonyeza wanyamaze. Alipiga goti, akamwekea Bi Machale barafu gotini, akaifunga na bendeji vizuri sana. Bi Machale alisikia baridi ikiingia mpaka kwenye mfupa na maumivu yakipungua, na wakati huohuo alikuwa anafikiri: mbona amechelewa? Filimbi ikalia. Bi Machale alikuwa amepanga Wifi akae benchi kipindi hicho, lakini goti lake mwenyewe halikukubali kusimama. Akamtazama wifi yake, akatazama wengine, hakuwa na mtu mwingine wa kuweka. Akamwambia aingie mahali pake. Hakumwambia kitu kingine.

Mpira ulirushwa ndani kutoka kwenye mstari wa katikati, ukamgonga mmoja begani, ukadunda, ukaangukia mikononi mwa Wifi. Akageuka upande wa jukwaa. Mbele yake hapakuwa na mtu hata mmoja. Watu wa kufulia walianza kupiga kelele, na yeye akadhani wanamshangilia, akaongeza mbio. Akadunda vizuri, hakutembea na mpira, hakukosea sheria hata moja, akaruka, akatupa. Ukatumbukia bila kugusa ubao.

Upande wa jikoni ukalipuka kwa shangwe. Wifi alikuwa bado ameinua mikono, anacheka, anawatafuta wenzake wampige kiganja. Mwalimu akapuliza filimbi na kuonyesha vidole viwili kwa jikoni. Mchezo uliendelea mpaka mwisho, kufulia wakapigana kufa na kupona, wakapungukiwa pointi moja.

Kesho yake kufulia palikuwa kama pamefiwa. Wifi alikuja kazini, akasema mbele ya wote kwamba hakujua, kwamba hakuna aliyemwambia. Kila mtu alijisemea kwamba nahodha alishamwambia. Shuka la hospitali hukunjwa na watu wawili, kila mmoja pembe zake, wanaendeana mpaka mikono inakutana. Siku hiyo hakupata mwenzake. Alikunja peke yake kutwa nzima, shuka moja baada ya jingine amelibana kwa kidevu, na kila lililoanguka sakafuni lilirudishwa mashineni na mtu akiguna kwa sauti ili asikie.

Bi Machale hakuguna. Yeye alikuwa na hasira kubwa kuliko ya kuguna, na jioni aliipeleka kwa mdogo wake.

Mdogo wake ni fundi makochi. Alimkuta karakana, amepiga magoti mbele ya kochi lililochanika tumbo, misumari mdomoni, nyundo mkononi. Akamwambia amekuja kwa habari ya mke wake. Fundi akaweka nyundo chini. Mpira wa kikapu haujui, kwa hiyo dada yake ilibidi amfundishe kuanzia mwanzo, na alimfundisha vizuri, kama hakimu anayesoma mashtaka: vikapu viwili, kimoja chako kimoja changu, kipindi cha pili tunabadilishana, na mkeo kachukua mpira akaenda kuwatilia jikoni. Fundi alitema misumari kiganjani, akafikiri. Yeye si msemaji, lakini si mjinga.

"Wakati mnaambiwa hilo la kubadilishana," akauliza, "mke wangu alikuwepo?"

Hapo ndipo. Bi Machale alilijua jibu lote. Alijua nani alimtoa nje, na kwa nini. Ulimi wake ukachagua kipande kimoja cha ukweli, kile chenye ncha.

"Alikuwa jikoni," akasema.

Mlango wa jikoni uko njiani, na ile barafu haikuanguka kutoka mbinguni. Hilo hata yeye alishalifikiri. Fundi akauliza jikoni na nani. Bi Machale akasimama, akajifunga khanga vizuri, akasema huyo ni mke wako, muulize mwenyewe. Akaondoka akijiona mtu wa haki.

Kutoka hapo akaenda kwa Mwalimu, kwa sababu moto ulikuwa bado unawaka. Alimkuta anakunja mikeka ya mazoezi. Akamwambia kikapu kile si cha bahati mbaya, ni hujuma, yule binti alitumwa, alijua anachofanya. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamweleza sheria moja ambayo hakuwahi kuwafundisha, kwa sababu hakufikiri kama wangeihitaji. Mchezaji akitupa mpira katika kikapu cha timu yake kwa bahati mbaya, pointi mbili ni za wapinzani. Lakini akifanya hivyo kwa kusudi, ni kosa, na kikapu hakihesabiwi.

Bi Machale akamwomba arudie. Akarudia. Yeye Mwalimu, alisema, alizihesabu zile pointi kwa kuwa alichokiona ni mtu aliyepotea njia. Ila huu ni mchezo wa nyumbani, na malalamiko yanasikilizwa. Kama nahodha atasimama mbele ya mkuu wa utumishi aseme kwamba ilikuwa kusudi, na ikakubalika, zile mbili zinafutwa. Na zikifutwa kufulia wameshinda kwa moja.

Alirudi nyumbani hajisikii kama anakanyaga chini. Neno moja tu, na likizo ni yake. Neno ambalo ameshalisema kwa kila mtu, analiamini, au karibu analiamini. Mama angemwona. Angepapasa uso wake kwa macho yale yaliyobaki. Na Wifi? Wifi angefukuzwa timu, pengine na kufulia, pengine na nyumbani kwa mumewe. Si alijitakia? Alijiuliza hivyo mara nyingi, na kila alipojiuliza alisikia baridi ya barafu kwenye goti, akajigeuza kitandani kwa hasira. Hata barafu, alijiambia, mtu anaweza kuileta ili kuficha alikotoka. Mtu akishaanza kushuku, jamani, hakuna wema utakaomfikia.

Kikao kilifanyika katika ofisi ya mkuu wa utumishi, mama mmoja mpole mwenye miwani inayoteleza puani. Walikuwepo Mwalimu, Twiga wa jikoni, Bi Machale, na Wifi ambaye alikaa kwenye kiti cha mlangoni. Uso wake ulikuwa umevimba kidogo chini ya macho. Mkuu wa utumishi akasema kabla ya nahodha kuzungumza ni haki mwenyewe aulizwe. Akamuuliza kwa upole kama kikapu kile alikitupa akijua ni cha timu yake.

"Nilijua," Wifi akasema. "Nilikusudia."

Bi Machale aliruka moyoni. Furaha, haina jina jingine. Machale yake hayakumdanganya, wote wamesikia kwa masikio yao, hakumsingizia mtu. Furaha hiyo ilidumu kama kiberiti kinavyodumu, kwa sababu Twiga alisimama, amekasirika, akasema huyu anaongopa. Siku ile ya mchezo, wakati wa mapumziko, alikuja mlangoni jikoni anahema kuomba barafu ya goti la wifi yake. Mpishi wa zamu akamtania kwamba hapewi, acha nahodha wao achechemee, na yeye Twiga, aliyekuwa amekimbia jikoni mara moja kunywa maji, akamkaripia mpaka Wifi akapewa. Na asubuhi ya siku hiyohiyo Wifi alimsimamisha yeye Twiga njiani kumwomba kitu: kufulia wakishinda, jikoni wasimwekee kinyongo nahodha, maana ana mama anayepofuka. Mtu wa namna hiyo ndiye anayeuza mchezo?

Na je, Bi Machale aliamini? Hapana. Wazo lake la kwanza lilikuwa kwamba Twiga anatetea pointi zake mbili. Ndivyo alivyokuwa ameharibika. Akamgeukia wifi yake amtazame vizuri, amkamate, na Wifi akamtazama pia, akatikisa kichwa kidogo na kumnong'oneza.

"Wifi, nyamaza tu. Mama anakusubiri."

Ofisi nzima ilisikia, maana ni ndogo. Mkuu wa utumishi akapandisha miwani yake.  Bi Machale alimtazama yule binti aliyekaa mlangoni kama mgeni, na akaona kitu ambacho alikuwa akikikwepa tangu filimbi ile ilie. Alisimama, goti likalia.

"Hakujua," akasema. "Wakati tunaambiwa tubadilishane pande, nilikuwa nimemtuma bendeji. Sikumtuma kwa sababu ya goti. Nilimtuma asisikie."

Mkuu wa utumishi akamuuliza kwa nini hakutaka asikie. Kwa sababu nilimshuku, Bi Machale akajibu. Akaulizwa alimshuku nini hasa. Alifungua mdomo atoe orodha yake ndefu, kikohozi, viazi, vicheko vya mlangoni, maneno ya Dirisha, na kila alilolishika halikuwa na uzito wa kutamkwa mbele ya watu wazima. Akakaa chini. Akalia, tena kwa sauti, mwanamke wa mabega yale.

Pointi zikabaki zilipokuwa. Jikoni wakachukua likizo, na Twiga alitoka bila kumpa mkono mtu.

Wifi alishatangulia kwenye korido. Bi Machale akamfuata akichechemea, akimwita, mpaka akasimama penye ngazi. Akamwomba radhi. Alimwomba kwa maneno yote anayoyajua, akamwita mwanangu, akamwita mama. Wifi alisikiliza. Hakuwa amelainika.

"Tangu uje karakana, mume wangu haniitikii salamu," akasema. "Kila siku ni swali moja tu, jikoni ulikuwa na nani. Nikasema, ikiwa jina langu limeshaharibika, basi lisiharibike bure. Angalau mama amwone mwanawe. Na hilo nalo umelimwaga."

Bi Machale akasema atakwenda kwa mdogo wake sasa hivi, hata ruhusa hatasubiri. Wifi akasema nenda. Akashuka ngazi kurudi kwenye mashuka yake.

Akaenda, na goti lile, jua la mchana likimpiga utosini. Njia nzima alikuwa anapanga maneno: ataanza na bendeji, halafu barafu, halafu atajisema mwenyewe bila kujibakiza. Mdogo wake alikuwa palepale, mbele ya kochi jingine. Hakuwa amenyoa. Pembeni ya karakana palikuwa na mkeka na mto, dalili kwamba mtu amelala hapo, na si usiku mmoja. Alimwona dada yake mlangoni, hakusimama.

"Nimekuja kwa habari ya mke wako," Bi Machale akasema.

Fundi akatoa misumari mdomoni polepole, akaipanga juu ya mbao. Alipoinua uso, alimtazama kwa lile jicho la pembeni ambalo Bi Machale alilifahamu vizuri kuliko mtu yeyote.

"Safari hii amefanya nini?" akauliza.

Bi Machale akavuta kigoda akakaa, na maneno yote aliyoyapanga njiani hakuona hata moja la kuanzia.